Hodi Kabla ya Kuingia: Ni Nani Anayechungulia Siri za Nyumba Zetu?

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu, Pate na Mombasa hawakuandika vitabu juu ya faragha. Waliijenga. Mbele ya nyumba waliweka daka lenye viti vya mawe, na hapo ndipo mgeni alipokaa, akanywa kahawa na kuzungumza na mwenye nyumba. Kutoka dakani mtu aliingia tekani, na njia ikakata kona, ili mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, asikione kiwanda, yaani ua wa ndani, wala waliomo. Baada ya kiwanda zikafuata msana na ndani, na kila hatua ilikuwa na watu wake walioruhusiwa kuifikia. Jirani wa dakani hakuwa mtu wa ndani, na aliyekuwa wa ndani alijua kwamba amekabidhiwa amana. Mgeni alipiga hodi, akangoja. Asipoitikiwa mara ya tatu, aligeuka akaenda zake bila ya kinyongo.

Adabu hiyo haikuzuka hewani. Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Naye Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametufundisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Kinachohifadhiwa, basi, ni kile ambacho jicho likishakiona haliwezi tena kukirudisha kilikotoka.

Leo kuta zingali zimesimama na milango ya nakshi ingalipo. Lakini katika kila nyumba, na mara nyingi chini ya kila mto wa kulalia, kimo chombo kidogo kinachoingia ndani zaidi kuliko mgeni yeyote aliyepata kufika. Simu haipigi hodi. Inajua saa tunayolala na saa tunayoamka, tunamkopa nani, tunamlilia nani, na tunaugua nini. Nayo haikai na hayo peke yake. Huyapeleka kwa watu tusiowajua, nao huyachambua, huyauza na kuyatumia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda, serikali ina kazi gani ya kuyasimamia, na je, serikali yenyewe inapokuwa ndiyo mchunguliaji, ni nani wa kumwambia arudi?

Uchimbuaji wa data ni nini?

Chukua mfano wa mwenye duka la mtaani. Mama akituma mtoto kununua sukari kilo tano badala ya nusu, muuzaji hujua kuwa nyumba ile ina wageni au ina hitima. Akitumwa dawa ya homa na glukosi, hujua pana mgonjwa. Akinunua nepi za mtoto mchanga, hujua Allah amewaruzuku. Na nyumba iliyozoea kulipa taslimu ikianza kukopa kila ifikapo tarehe kumi na tano, hujua mfuko wa baba umeyumba. Hakuna aliyemwambia lolote. Amejua kwa kukusanya vijambo vidogo vidogo na kuvipanga pamoja.

Huo ndio uchimbuaji wa data kwa ufupi wake. Tofauti ni kwamba mwenye duka ni jirani, ana haya, ana mtaa mmoja tu, na husahau. Kompyuta zinazofanya kazi hiyo leo zimesimama katika maduka yote kwa wakati mmoja, wala hazisahau. Hukusanya nambari ulizopiga na saa ulizopiga, mahali simu yako ilipolala, fedha ulizotuma na ulizopokea, na maneno uliyoyatafuta katika intaneti usiku wa manane ulipoingiwa na hofu juu ya uvimbe mwilini mwako. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni makombo. Vikipangwa pamoja na vya mamilioni ya watu wengine, hutoa picha ya mtu iliyo kamili kuliko ile aliyonayo ndugu yake wa tumbo moja.

Hatusemi kuwa kazi hii yote ni shari. Benki huitumia kugundua wizi kabla fedha hazijatoweka. Madaktari huitumia kuona mapema maradhi yanaelekea mtaa gani. Kisu ni kimoja, cha kukatia mboga na cha kumdhuru mtu. Neno liko kwa aliyekishika, na kwa sheria inayomsimamia.

Programu ya adhana na njia za waumini

Kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja, nacho kimethibiti. Wengi wetu tuna katika simu zetu programu zinazotukumbusha nyakati za sala na kutuonyesha kibla. Mojawapo ya zilizo mashuhuri zaidi duniani ni Muslim Pro. Ili programu ya namna hii ijue kibla kiko upande gani, ni lazima ijue wewe uko wapi. Hilo halina ubaya. Mtu hawezi kuonyeshwa njia na asiyejua amesimama wapi.

Mnamo Novemba 2020, jarida la mtandaoni la Motherboard lilifichua kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu hiyo zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, ambayo kazi yake ilikuwa ni kununua na kuuza taarifa za nyendo za watu. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao taarifa za namna hiyo ziliweza kulifikia jeshi la Marekani. Wenye programu walikana kuwa wao waliliuzia jeshi chochote, wakatangaza kukata uhusiano wao na kampuni hiyo. Mwezi uliofuata, Apple na Google ziliwaagiza watengenezaji wa programu waondoe ndani ya programu zao kijisehemu cha X-Mode kilichokuwa kikikusanya taarifa hizo.

Tafakari, ewe msomaji. Mtu ametia udhu, amefungua simu ajue kibla, na wakati huohuo hatua zake za kwenda msikitini zimegeuka bidhaa sokoni. Hakuibiwa chochote anachoweza kukihesabu. Lakini hakuna aliyemwuliza, na lau angeulizwa kwa lugha iliyo wazi, nina yakini angekataa.

Kisa hicho kina mafunzo mawili juu ya serikali. La kwanza ni kwamba serikali inaweza kuwa mnunuzi. Yale ambayo askari angehitaji amri ya hakimu ili ayapate, huweza kuyapata dukani kwa fedha. La pili ni kwamba serikali hiyohiyo, kwa mkono wake mwingine, inaweza kuwa mzuiaji. Mnamo Januari 2024, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo kwa sasa inaitwa Outlogic, isiuze tena taarifa za watu kufika mahali penye siri kama vile zahanati, nyumba za ibada, na makazi ya wanawake waliokimbia kupigwa. Marufuku ilikuja, lakini ilikuja miaka mitatu baada ya siri kutoka. Usimamizi wa serikali ni kitu cha lazima, na pia ni kitu chenye kuchelewa.

Sheria yetu inasemaje?

Turudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwilini wala nyumbani mwake, mambo ya familia yake yasidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwishoni mwa mwaka 2020 akaapishwa Kamishna wa kwanza wa Data, Bi Immaculate Kassait, kuisimamia.

Kiini cha sheria hiyo, mwenye kuisoma kwa jicho la madrasa ataona kuwa si kigeni kwetu. Anayekusanya taarifa zako ni lazima akwambie anazikusanya kwa sababu gani. Asichukue zaidi ya anachohitaji. Asizitumie kwa jambo jingine ambalo hukuliridhia. Azihifadhi zisivuje, na zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, amwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Wewe nawe una haki ya kuuliza ana nini juu yako, kusahihisha lililokosewa, kupinga, na kutaka kifutwe kilicho cha uongo au kilichochukuliwa bila ya haki. Haya yote ni masharti ya amana kwa maneno ya mawakili.

Sheria hiyo imepimwa. Mwaka 2023, katika miezi ya Julai na Agosti, Wakenya kwa maelfu walipanga foleni jijini Nairobi na kwingineko ili mboni za macho yao zipigwe picha na chombo cha mviringo cha mradi wa Worldcoin, wakaahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo mwanzoni mwa Agosti. Mnamo Mei 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa ukusanyaji ule ulikiuka sheria: tathmini ya madhara haikufanywa ipasavyo, na ridhaa iliyonunuliwa kwa ahadi ya fedha haikuwa ridhaa. Wenye mradi wakaamriwa wafute taarifa hizo za mwilini ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna.

Hukumu ile ina hekima ya kuzingatiwa. Nywila ya simu ikiibiwa utabadilisha nyingine. Jicho hubadilishi. Na masikini mwenye njaa anapoambiwa, "Tupe mboni yako tukupe chakula cha wiki," ule utiifu wake hauwezi kuitwa hiari. Fakihi anajua kuwa makubaliano ya aliyebanwa yana kasoro. Alhamdulillahi, hakimu naye ameliona hilo.

Mikopo ya simu na sitara ya familia

Mahali ambapo jambo hili limewaumiza zaidi kina mama wetu ni katika mikopo ya simu. Tangu mwaka 2012 ilipoanza M-Shwari, Wakenya wamezoea kukopa bila ya kufika benki, kwa kupimwa na kompyuta kulingana na matumizi yao ya simu na fedha. Baadaye zikaja programu nyingi za kila rangi, na baadhi yao zilidai jambo jingine: ziruhusiwe kusoma ujumbe wote wa simu na orodha yote ya watu unaowasiliana nao.

Suala la riba lina hukumu yake, nayo mnaijua, halikusudiwi hapa. Ninachokitazama ni sitara. Mama anayekaanga mahamri na mbaazi amekosa mtaji, akakopa shilingi 2,000. Siku ya kulipa ikapita. Kisha simu zikaanza kulia, si kwake peke yake. Akapigiwa mkwewe. Akapigiwa mwalimu wa mtoto. Akapigiwa mwekahazina wa chama chao, na fundi aliyewahi kumtengenezea friji miaka mitatu iliyopita. Wote wakaambiwa kuwa fulani binti fulani ni mdeni asiyelipa. Deni la shilingi 2,000 limelipwa kwa heshima ya miaka ishirini. Nyumba zimetikisika kwa mambo haya, na wapo wanaume waliojua deni la mke kutoka kwa sauti ya mtu wasiyemjua, wakatamka maneno ambayo baadaye waliyajutia.

Qurani inatufundisha, katika Sura Al-Baqara aya ya 280, kuwa mdaiwa aliye na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Kumtangaza ni kinyume kabisa cha mafunzo hayo. Na tazama pia kuwa dhulma ile ilikuwa na madhulumu wa pili: wale watu mia mbili waliomo katika orodha ya simu yake. Wao hawakukopa, wala hawakuulizwa, lakini majina na nambari zao zimechukuliwa.

Hapa usimamizi wa serikali ulifanya kazi. Mwishoni mwa mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili wakopeshaji wa kidijitali wasifanye biashara bila ya leseni, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kutumia vitisho na matusi, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini ya shilingi 2,975,000 kwa kampuni moja ya mikopo iliyotumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Siku zilezile shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja katika mitandao bila ya idhini yake.

Faini ya shule ni kubwa kuliko zote tatu, na inafaa tuitazame kwa makini, kwa kuwa inatugusa. Madrasa zetu hupenda kutangaza picha za maulidi, za khitma na za mashindano ya Qurani. Nia ni njema. Lakini sheria haiulizi nia, huuliza idhini. Mtoto hana uwezo wa kuidhinisha. Mwenye kuidhinisha ni mzazi au mlezi. Na binti wa miaka kumi aliyepigwa picha leo, kesho atakuwa mwanamke mwenye msimamo wake juu ya uso wake kuonekana au kutoonekana. Tusimwamulie jambo asiloweza kulirudisha.

Serikali inapokuwa ndiyo mchimbaji

Kufikia hapa tumeiona serikali kama mlinzi. Lakini hakuna kampuni nchini yenye taarifa nyingi za raia kuliko serikali yenyewe. Inacho cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, alama za vidole, kodi, ardhi, na sasa, kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024, inakusanya pia habari za matibabu. Je, anayesimamia wachimbaji naye asimamiwe na nani?

Jibu la kwanza lilitoka mahakamani, na walioligonga mlango walikuwa miongoni mwao ndugu zetu katika imani. Mwaka 2019 serikali iliandikisha wananchi kwa ajili ya Huduma Namba. Sheria iliyotumika ilikuwa imeruhusu hata kuchukua vinasaba, yaani DNA, na kurekodi mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Wanubi wa Kenya, ambao wengi wao ni Waislamu na ambao kwa miaka mingi wamehangaishwa kupata vitambulisho, walikwenda mahakamani kupitia Nubian Rights Forum pamoja na watetezi wengine wa haki. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kuwa kukusanya DNA na vipimo vya makazi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango hauwezi kuendelea mpaka pawe na kanuni kamili za kulinda taarifa hizo. Mnamo Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kuwa kutoa kadi za Huduma bila ya kufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha hakukuwa halali.

Sisi wa Pwani tunaelewa kwa nini Wanubi ndio waliotangulia. Anayejua adha ya kupigwa msasa, ya kuambiwa alete kitambulisho cha babu ndipo apewe chake, anajua kuwa daftari la serikali lina nguvu ya kumtia mtu ndani ya taifa au kumtoa nje. Kosa moja la karani huwa ni miaka ya kuhangaika. Sasa karani anageuka kompyuta, na nambari ya Maisha Namba inatolewa tangu mtoto anapoandikishwa kuzaliwa kwake. Kosa likiingia huko, litamfuata maisha yake yote, kama jina la nambari hiyo linavyosema.

Jambo la pili ni usalama. Hakuna mwenye akili anayepinga usalama. Damu iliyomwagika Mpeketoni mwaka 2014 ilikuwa damu ya Pwani. Lakini iko njia ya mshipi na iko njia ya juya. Mvuvi wa mshipi anamtafuta samaki anayemjua. Mwenye juya hukokota kila kitu, pamoja na vifaranga visivyofaa hata kuliwa, na ndiyo maana juya linakatazwa katika fuo zetu. Kumchunguza mtu mmoja mwenye tuhuma, kwa amri ya hakimu, ni mshipi. Kukusanya simu na nyendo za watu wote ili kompyuta itafute nani anafanana na mhalifu, hilo ni juya. Na sisi tuna sababu ya ziada ya kuliogopa. Hesabu mwenyewe: kuna akina Mohamed Ali wangapi katika Mombasa peke yake? Kuna akina Fatuma Salim wangapi kutoka Vanga mpaka Kiunga? Majina yetu ni ya baraka na yanajirudia. Kompyuta inayolinganisha majina itamkamata asiyehusika, na atakayeachwa kujieleza ni yeye.

Sheria yetu ya mwaka 2019 imeacha mlango hapa. Kifungu cha 51 kinaruhusu baadhi ya masharti yasitumike pale ambapo kuna haja ya usalama wa taifa au maslahi ya umma. Hata hivyo kifungu hichohicho kinasema kuwa msamaha huo haumwondolei yeyote wajibu wa kukusanya kwa njia halali, kuchukua kiasi kinachohitajika tu, kuhakikisha usahihi na kuweka ulinzi. Neno "usalama" limefungua mlango, halikuubomoa. Tulishike neno hilo, kwa sababu wapo wanaopenda kulisoma nusu.

Na Kamishna mwenyewe? Anahudumu kwa kipindi kimoja cha miaka sita, na anateuliwa na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge. Ofisi yake si miongoni mwa tume huru zilizotajwa na Katiba. Hatumtuhumu mtu. Lakini anayeteuliwa na serikali kuichunga serikali ana mzigo mzito kuliko yule anayechunga kampuni za mikopo, na mahakama, Bunge na wananchi wasimwachie mzigo huo peke yake.

Khalifa aliyepanda ukuta

Katika vitabu vya adabu husimuliwa kuwa Umar bin al-Khattab, radhi za Allah zimshukie, alikuwa usiku mmoja akizunguka mitaa ya Madina kama ilivyokuwa desturi yake. Akasikia sauti iliyomtia shaka kutoka ndani ya nyumba. Akapanda ukuta, akaingia, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kuwa ikiwa yeye amemuasi Allah mara moja, basi Amiri wa Waumini amemuasi mara tatu: amepeleleza, na Allah amekataza kupeleleza, ameingia kupitia ukuta, na Allah ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake, ameingia bila ya idhini wala salamu, na Allah ameamrisha idhini. Umar akakubali, akamsamehe, akatoka.

Wanazuoni wana maneno yao juu ya isnadi ya kisa hiki, lakini makatazo matatu yaliyomo yana dalili zake katika Qurani, na la kwanza limo katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12. Kinachonivutia ni huyo mwenye kujibu. Alikuwa mkosa, tena amefumaniwa, na bado haki yake ya kutochunguliwa haikuanguka. Na mtawala, pamoja na nia yake njema ya kuondoa munkari, alikuwa chini ya sheria ileile. Mara nyingi tunaambiwa, "Kama huna uovu, waogopa nini kuchunguzwa?" Kisa hiki kinajibu swali hilo. Faragha si maficho ya waovu. Ni haki ambayo hata mwenye kosa hakunyang'anywa, sembuse mama anayetaka maradhi yake yabaki baina yake na tabibu wake?

Yaliyo mikononi mwetu

Kwanza, kila nyumba ifanye ukaguzi. Kaeni pamoja, mfungue simu, mtazame kila programu imeruhusiwa nini. Programu ya nyakati za sala haihitaji orodha ya watu wako. Ya kuchezea watoto haihitaji kipaza sauti. Kwa kibla na nyakati, zipo zinazokuruhusu uandike jina la mji wako tu. Na dada zetu wanaotumia programu za kuhesabia siku zao za hedhi wajue kuwa wanaandika siri ya mwili wao katika daftari la mtu mwingine; kalamu na karatasi bado vinafanya kazi hiyo.

Pili, usitoe kitambulisho bila ya kuuliza. Nakala za kitambulisho na pasipoti zinazotumwa kwa WhatsApp kwa wakala wa kazi za Ghuba hazirudi. Uliza inatakiwa kwa nini, nani ataiona, na itafutwa lini. Atakayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Tatu, watunza madaftari wa vyama, wakuu wa madrasa na kamati za misikiti wajue kuwa nao ni wakusanyaji. Orodha ya mayatima, ya wajane wanaopokea zaka na ya wagonjwa waliochangiwa ni siri za watu. Haifai kubandikwa ukutani wala kurushwa katika kikundi cha watu mia mbili. Tukidai serikali itusitiri, nasi tuwasitiri walio chini yetu.

Nne, mwenye kudhulumiwa ashitaki. Malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Wapo waliolipwa fidia kwa sababu picha zao zilitumiwa katika matangazo ya biashara bila ya ridhaa yao. Weka ushahidi: ujumbe, tarehe na nambari iliyokupigia. Kina mama wengi hunyamaza kwa kuona haya, na ukimya huo ndio mtaji wa anayewadhulumu.

Tano, wawakilishi wetu waulizwe. Unapofika wakati wa maoni ya umma juu ya kanuni za vitambulisho, za afya au za mawasiliano, tusiwaachie mawakili wa Nairobi peke yao. Swali la kuulizwa ni fupi: mnachukua nini, kwa nini, nani atakiona, na nani atawazuia mkipita mpaka?

Kuta za mababu zetu zilitosha kwa zama zao kwa kuwa jicho la zama hizo halikuweza kupenya jiwe. Jicho la leo linapenya, na ukuta wake ni sheria yenye msimamizi, msimamizi mwenye kuhojiwa, na familia inayojua haki yake. Tumuombe Allah atusitiri duniani na akhera, naye atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasitiri wenzao.

Wallahu a'lam.